Sauti Iliyotoka Tundu Lisilo Lake

Hii habari sikupanga kumsimulia mtu yeyote, lakini kuna watu wawili watatu pale mtaa wa Juba Na Bari ambao mpaka leo wakiniona nakuja wanashika sikio moja na kuangalia juu kana kwamba wanasikiliza sauti kutoka mbinguni, kwa hiyo najua siri haipo tena, na ni afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyeaibika kuliko kusikia kwa mwendesha boda atakayetia chumvi (ingawa kusema kweli sioni mahali ambapo chumvi ya ziada itaingia).

Naitwa Ben, kwetu ni Kitale, na kazi yangu ni fundi wa sauti. Huu ni mwaka wa tatu niko Juba, nafunga spika na maiki kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli moja hapa Hai Amarat, na sijisifu nikisema kazi hiyo naijua. Kitu ambacho sikijui, na hapa ndipo aibu inapoanzia, ni Kiarabu cha Juba. Miaka mitatu. Si kwamba nina kiburi, ni uvivu tu uliopata mahali pazuri pa kulala: chai ya asubuhi nakunywa kwa mama wa Kiganda, sukari na vocha nanunua kwa Msomali aliyekulia Eastleigh ambaye Kiswahili chake kinakishinda changu, wahudumu wa hoteli ni watu wa Kakamega na Machakos, na boda anayenibeba anatoka Arua na tunaelewana vizuri kabisa hata akivunja sarufi yote njiani. Ukiishi hivyo unaweza kuzeekea Juba ukijua "kef" na "tamam" na "mafi", yaani habari, sawa na hakuna, na ukajiita mwenyeji.

Halafu nikakutana na Keji. Keji anauza dawa kwenye famasia moja Hai Malakal, na mimi nilienda pale nikiwa na sikio linalouma (ndiyo, fundi wa sauti mwenye ugonjwa wa sikio, chekeni mmalize), na yeye akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Nakuru kama nimekuwa nikijichokoa na kijiti cha kiberiti. Alisoma shule ya bweni kule wakati familia yao ilikuwa ukimbizini, ndiyo maana. Kwa hiyo na yeye pia tukawa tunaongea Kiswahili, na uvivu wangu ukapata godoro la pili.

Sasa, baba yake Keji alifariki akiwa mdogo, na aliyemlea ni kaka yake baba, Mzee Lado, ambaye Keji anamwita baba mkubwa. Mzee Lado ni mtu mrefu, mkimya, anavaa kofia ya kijivu ambayo sijawahi kumwona bila yake, na mara mbili nilizomsalimia kabla ya siku ya aibu yangu alinijibu kwa kichwa tu. Habari zangu alishazipata. Alimwambia Keji kwamba Wakenya yeye hana neno nao, lakini mtu anayetaka binti wa nyumba ile atakuja kuongea kwa mdomo wake mwenyewe, si kupitia mkalimani, kwa sababu mkalimani hatakuwepo siku mtakapogombana.

Nafasi ikaja. Poni, kitinda mimba wa Mzee Lado, alimaliza chuo kikuu, na Mzee akaamua kufanya karamu nyumbani Jumamosi. Mimi nikajitolea kuleta spika na muziki bure (mkwe mtarajiwa hawezi kutoza, na pia nilitaka waone vyombo vyangu). Keji akanieleza kwamba nitapewa maiki dakika mbili niwasalimie watu, si posa wala nini, ni kuonekana tu, lakini baba mkubwa atakuwa anasikiliza kila neno. Ilikuwa Jumanne. Mchana huo huo, wakati wa chakula, akajifungia nyuma ya rafu za famasia na kunirekodia kwenye simu maneno yote ya kusema, neno kwa neno, pamoja na maelezo kwa Kiswahili. Rekodi ya dakika kumi na moja. Akaniandikia chini yake: sikiliza yote, halafu kariri.

Nikasikiliza dakika kama mbili. Nikasikia sauti yake ikicheka, moyo wangu ukajaa mapenzi, nikaweka simu mezani nikiwa nimeridhika kana kwamba nimeshajua Kiarabu. Jumatano nikawa na mkutano wa hoteli. Alhamisi mkutano mwingine. Ijumaa nikasikiliza zile dakika mbili zile zile, na nilipojaribu kurudia bila yeye nikagundua kichwani mna "salaam takum" peke yake, na baada ya hapo ni giza.

Ndipo nikaamua lile jambo dogo. Nikasema, kwani lazima nikariri? Si anisemee sikioni, mimi nirudie.

Niwaeleze vyombo kidogo, kwa sababu bila hivyo hamtaelewa nilivyojichimbia shimo. Nina laptopu kuukuu inayotumia Linux, na pembeni yake kisanduku cha sauti chenye matundu manne ya kutolea. Matundu ya kwanza na ya pili yanakwenda kwenye spika kubwa, zile za watu wote. Ya tatu na ya nne yanakwenda kwenye kile kidude cha waimbaji, kinachorusha sauti bila waya mpaka kwenye kisikilizio kidogo cha ndani ya sikio. Sasa laptopu ikiwa na kisanduku kama hicho, sauti yake ya kawaida, yaani kengele, video, rekodi za simu, kila kitu ambacho hujakiambia kipite wapi, yote inatoka tundu la kwanza na la pili, kwa sababu mashine haina akili ya kujua mengine. Lakini Linux inakusikiliza ukiiambia. Nikafungua ule ukurasa mweusi, nikaandika amri mbili, na nikawa nimeigawa: programu ya muziki ibaki kwenye spika kubwa, na sauti nyingine yote ya kompyuta ipite tundu la tatu na la nne, iingie sikioni mwangu peke yangu.

(Mtaniuliza kwa nini sikuweka tu simu mfukoni na kisikilizio cha simu sikioni. Ni swali zuri. Keji naye aliniuliza. Jibu ni kwamba mimi ni fundi, na fundi akiwa na nyundo kubwa hatumii jiwe.)

Amri zile zina tabia moja. Ukiziandika tu, zinakaa mpaka kisanduku kizimike au mashine iwashwe upya. Ukitaka zikae siku zote unazihifadhi kwenye faili, kazi ya dakika tano. Nikasema ni za siku moja, za nini kuhifadhi. Kisha nikachukua rekodi ya Keji, nikaihamishia kwenye laptopu, nikaiongezea ukimya wa nusu dakika mwanzoni ili nipate muda wa kubonyeza na kutembea hadi kwenye maiki, nikalala usingizi wa mtu mwerevu.

Jumamosi nilifika mapema nyumbani kwa Mzee Lado, Juba Na Bari. Walikuwa wameshafunga hema kubwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, na nyuma ya nyumba akina mama walikuwa kwenye masufuria. Nikaweka spika mbili mbele ya hema, na kwa sababu sijui kuacha kizuri kikae, nikaweka ya tatu karibu na lango ikiangalia barabara, ili na majirani wajue kuna sherehe. Meza yangu niliiweka nyuma kabisa, pembeni ya ukuta. Nikajaribu: muziki kwenye hema, sauti ya Keji sikioni, safi kama maji ya chupa. Nilijipongeza. Kwa kweli nilitikisa kichwa peke yangu nikijishangaa.

Watu wakajaa. Poni akaja na joho lake, sala ikasomwa, hotuba zikaanza, na kila hotuba ikiisha mimi naweka wimbo, watu wanacheza kidogo, wanakaa. Mzee Lado alikaa kiti cha mbele na kofia yake. Kando yake alikaa mama yake, haboba, yaani bibi yao wote, mdogo wa mwili kama mtoto wa darasa la nne, ambaye hajui Kiswahili wala Kiingereza na hana haja navyo.

Saa saba hivi mama yake Keji mwenyewe akaniletea sahani, asida, ule ugali wa huku, na bamia na kipande cha nyama ambacho niliona wazi kimechaguliwa, na nilipotia tonge la kwanza mdomoni jenereta ikakohoa mara mbili ikazimika. Mafuta yalikuwa yameisha. Ilichukua kama dakika kumi kuleta mengine na kuiwasha. Laptopu ilikuwa na betri, haikujua chochote. Lakini kisanduku kinakula umeme wa ukutani, kikazimika, na kilipowaka tena mashine ikakipokea kama mgeni mpya aliyefika leo, na zile amri zangu mbili zikawa zimekwenda na maji.

Mimi hilo sikuliwaza. Nilikuwa na asida kwenye mkono wa kulia, nikabonyeza muziki kwa mkono wa kushoto, wimbo ukasikika kwenye hema, nikarudi kwenye nyama. Mwongoza shughuli akatangaza kwamba sasa anamwita injinia wetu kutoka Kenya awasalimie wazee. Nikafuta mkono, nikachomeka kisikilizio sikioni, nikasikia ule mvumo wa shhh, nikaona huo unatosha kuwa ushahidi. Nikazima wimbo, nikabonyeza rekodi, nikaanza kutembea.

Watu walipiga makofi. Nikapokea maiki, nikasimama mbele ya Mzee Lado, na nikahesabu kimoyomoyo. Ishirini na nane, ishirini na tisa.

Halafu Keji akaongea. "Haya Ben, kwanza tabasamu."

Nikatabasamu. Nawaapia nilitabasamu. Niliona sauti iko juu sana, na wazo langu la kwanza, mimi fundi wa miaka mingi, ni kwamba nimefungua sana kisikilizio.

"Si hivyo sana," akaendelea, "ukitabasamu sana unafanana na mtu anayeuza simu za wizi. Sasa sema: salaam takum, isim tai Ben."

"Salaam takum," nikasema kwenye maiki, "isim tai Ben." Watu wachache waliitikia, lakini kwa namna ya ajabu, kama watu walioambiwa jina langu mara mbili. Nikaona mama mmoja mstari wa tatu anageuka kutazama spika, kisha ananitazama mimi, kisha spika.

"Vizuri. Sasa mtazame baba mkubwa, yule wa kofia. Akinuna usiogope, uso wake umeshonwa hivyo tangu zamani."

Hapo nilikuwa nimeshamtazama, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nimtazame. Na nikaona kitu ambacho kilinipasua: uso wa Mzee Lado ulibadilika kidogo tu kwenye neno "umeshonwa". Mtu asiyejua Kiswahili habadiliki kwenye neno hilo. Wakati huo huo nikasikia sauti ya Keji ikirudi kutoka barabarani, nyuma kidogo ya ile ya hema, umeshonwa, umeshonwa, na nikakumbuka ile spika ya tatu. Sikioni mwangu mlikuwa na shhh tu. Hakukuwa na kitu kingine tangu mwanzo.

Nikamtafuta Keji kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na jagi la maji mkononi, hajasogea, hajapepesa macho, anajisikiliza.

Nikakimbia. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeshika maiki yenye waya, kwa hiyo nilikimbia hatua sita halafu waya ukanivuta nikarudi hatua mbili, nikaitupa, ikatua kwenye sahani ya mtu na ikapiga kelele yake kwenye spika. Watu walikuwa wameanza kucheka, na huku nyuma yangu Keji wa kwenye rekodi alikuwa ananiomba radhi: "Subiri kidogo Ben, mteja ameingia. Karibu mama. Ni ya minyoo? Mtoto ana umri gani? Huyu umpe nusu kidonge, na usimpe na maziwa."

Nikafika mezani. Skrini ilikuwa imejifunga. Mashine inataka nywila, na nywila yangu ni ndefu kwa sababu nilitaka kuonyesha vijana wa hotelini mfano wa usalama. Niliandika mara ya kwanza kwa vidole ambavyo bado vilikuwa na utelezi wa bamia, ikakataa. Mara ya pili, ikakataa, na Linux ukikosea inakuadhibu, inakaa kimya sekunde kadhaa kabla ya kukubali ujaribu tena. Katika sekunde zile nikashika kitufe cha kisanduku nikakizungusha mpaka sifuri, na sauti haikupungua hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimepunguza tundu la tatu na la nne.

"Tumefika wapi? Ndiyo. Sema: ana ja fi be takum ma gelba kwes. Nimekuja nyumbani kwenu na moyo mzuri. Gelba, Ben. Usiseme kelib. Kelib ni mbwa. Ukisema kelib utakuwa umewaambia umekuja na mbwa."

Sasa walikuwa wanacheka hata wale ambao hawakujua Kiswahili, kwa sababu gelba na kelib si Kiswahili, na kila mtu alikuwa ameelewa. Nje barabarani nilisikia mtu amezima pikipiki ili asikilize vizuri. Nikaandika nywila mara ya tatu, polepole, nikitaja kila herufi kwa midomo. Na kabla sijamaliza, sauti ya Keji ikabadilika. Ikashuka. Nadhani alikuwa amegeukia ukuta.

"Na hii si ya kukariri, ni ya kwako. Baba mkubwa akikukataa, nitalia wiki nzima, halafu nitamtii. Usinifikirie vibaya. Ndiye alinibeba mgongoni wakati tunatoka hapa, na mguu wake ulikuwa unauma. Siwezi kumvunjia neno. Kwa hiyo tafadhali jifunze, usinifanye nichague."

Nilikuwa nimesimama na mikono juu ya herufi. Mimi pia ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Yalikuwa kwenye simu yangu tangu Jumanne.

Nikang'oa waya unaokwenda kwenye spika. Spika zikapiga mshindo mmoja kama mtu amebamiza lango la bati, kuku wakaruka kutoka chini ya meza za chakula. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Jagi lilikuwa limewekwa chini kwenye kona ya nyumba na Keji hakuwepo.

Nikajua kwamba karamu ya watu nimeiharibu, na Poni wa watu na joho lake, na kwamba jambo la kufanya ni kukunja vyombo na kuondoka kupitia nyuma. Nilianza hata kuzungusha waya. Mzee Lado akanyoosha kidole, akaniita mbele. Nikaenda. Akasimama, na nilipokuwa nasubiri mtu atafsiri, akasema kwa Kiswahili cha kule Uganda, taratibu:

"Mimi iko nasikia Swahili. Mimi nilikaa Koboko, nilikaa Masindi, miaka mingi. Wewe hapana kuniuliza."

Nikasema ni kweli Mzee, sikuuliza.

"Sasa hiyo mashine iko nalala. Ongea wewe."

Nilitaka kumwambia sijui kitu. Lakini alikuwa amesimama, na mguu mmoja aliuegemeza kidogo kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na nikaona aibu kubwa kuliko ile ya spika. Nikasema salaam takum. Watu wakaitikia, safari hii vizuri. Nikasema isim tai Ben. Halafu nikavuta pumzi, nikaikusanya sentensi yote iliyobaki kichwani kutokana na kuisikia mara moja nikiwa na hofu, nikaitoa kwa sauti, bila maiki: "Ana ja fi be takum ma kelib kwes."

Nimekuja nyumbani kwenu na mbwa mzuri.

 Kisha haboba, ambaye nilidhani amelala, akatoa kicheko chembamba kama cha msichana, akawa anajipiga goti, na hema lote likamfuata, watu wakaanguka juu ya viti vya wenzao, Poni akafuta macho kwa mkono wa joho. Mzee Lado hakucheka. Alingoja. Walipotulia akaniuliza, uso ule ule ulioshonwa:

"Iko wapi hiyo mbwa?"

Na hapo hata yeye akashindwa, akakaa chini akishika kofia.

Baadaye alisimama tena akaongea na watu wake kwa Kibari, lugha ya kwao, maneno marefu, na wote wakawa wanaitikia na kutazama kule kwenye kona alikokuwa Keji. Mimi nilisimama katikati kama mti. Sikuelewa hata neno moja. Nilielewa tu mwisho, aliponigeukia na kuniambia kwamba kila Jumapili mchana nije nikae na mama yake, na siku mama yake atakaposema mimi naongea kama mtu, ndipo niwalete watu wangu kutoka Kitale. Kabla ya hapo nisimletee mkalimani, wala mashine, wala mbwa.

Jioni, jua bado lipo, nilimkuta Keji langoni anasubiri boda. Nilikuwa nimetayarisha maelezo kuhusu jenereta na kisanduku. Hakutaka. Alisema, bila ukali, "Hukusikiliza mpaka mwisho." Nikasema ndiyo. Akauliza nilifika wapi. Nikasema dakika ya pili. Akatikisa kichwa kama anavyofanya mtu akimwambia ameacha dawa katikati, akapanda boda akaenda. Siku tisa hakupokea simu. Siku ya kumi alipokea, na ndipo akaniambia baba mkubwa alisema nini kwa Kibari pale hemani: kwamba yeye amelea binti anayeweza kulia wiki nzima na bado akatii, na binti wa namna hiyo haozwi kwa mtu asiyesikiliza, kwa hiyo kwanza tumfundishe huyu kusikiliza, kuongea kutafuata.

Sasa ni mwezi wa nne tangu karamu ile. Kila Jumapili naenda. Haboba hanifundishi, ananipa kazi tu, namenya karanga, nabeba maji, nasogeza kiti chake kikifuatwa na jua, na ananielekeza kwa Kiarabu cha Juba mchana wote bila kujali naelewa au sielewi, na nikikosea ananiita jina ambalo Keji anakataa kunitafsiria. Mtihani sijafaulu. Jumapili iliyopita jirani alipita akamuuliza bado tu huyu Mkenya yupo, na haboba akamjibu kitu, na nilikuwa nimemenya karanga mbili zaidi ndipo nikagundua kwamba nimemwelewa. Alisema: huyu ni mzito, lakini anakuja.

Spika naendelea kufunga, ndiyo kazi yangu, na siku hizi kila amri nahifadhi hata kama ni ya nusu saa, na najaribu matundu yote manne kila umeme ukipepesa. Hilo ni somo la ufundi. La pili ni zito kidogo: rekodi ya Keji naisikiliza mpaka mwisho, hata ikiwa ni ya dakika kumi juu ya mteja aliyerudisha dawa ya kikohozi. Na maneno ya kumwomba mtu binti yake sitayapitisha tena kwenye waya wowote. Yatatoka mdomoni mwangu, polepole, mengine yamepinda, na watu wakicheka nitasubiri wamalize, kisha niendelee.